Dirisha la Kupokelea Vikombe

Mimi ni mstaafu. Nina miaka kumi na tisa, nimestaafu Ijumaa iliyopita, na ushahidi ninao: kadi iliyoandikwa na watu wa maabara nzima, na keki ambayo nusu yake niliila kwenye basi kabla mamangu hajaiona. Kemia nimepita safari hii, Septemba naenda chuo kikuu, basi kazi nimeiaga. Mwalimu wetu wa darasa la Kiswahili la Jumamosi amesema kila aliyewahi kushika kazi ya mshahara awaandikie wadogo zake, nyinyi mlio karibu kumaliza shule, ili mjue duniani kuna kazi nyingine mbali na kupanga makopo dukani kwa ami zenu. Najua nyote mnaelewa Kiswahili. Mkikutana nami msinijibu kwa Kiingereza.

Kazi yangu ilikuwa kupima manii.

Haya, chekeni. Nangoja.

Niliingia huko kwa kufeli. Nilipoanguka kemia, babangu alisema mtu wa miaka kumi na minane harudii mwaka akiwa kitandani. Hospitali ilikuwa inatafuta msaidizi wa maabara wa nusu siku, nikaomba bila kusoma tangazo vizuri, nikajua nitapima damu. Siku ya kwanza nikapelekwa mwisho wa ukumbi mrefu, nyuma ya ngazi, kwenye chumba chenye dirisha dogo la kusukuma. Hapo ndipo wanaume wa Birmingham huleta vikombe vyao vya plastiki ili wajue kama mbegu zao zina nguvu ya kuzaa. Mpaka leo mamangu huwaambia wenzake kwamba nilikuwa kitengo cha damu. Jirani mmoja alimuuliza damu gani. Mama akasema ile ya kawaida.

Aliyenipokea ni Papa Kabeya, mkuu wa chumba kile, Mkongo wa Bukavu, mtu wa makamo anayevaa suti chini ya koti jeupe na viatu vinavyong'aa hata siku ya theluji. Kwao alikuwa mwalimu wa biolojia. Hapa alisoma upya akiwa na mvi. Kiswahili chake na changu vilihitaji muda kuzoeana. Mimi nikisema watu, yeye anasema batu. Mimi mtoto, yeye mutoto, mimi ndiyo, yeye njo, na katikati Kifaransa kinapita kama mtu anayekatiza bustani ya jirani.

Somo lake la kwanza halikuwa la hadubini. Lilikuwa la uso. Alinisimamisha nyuma ya dirisha, akatoka nje, akagonga, akanipa kikombe kitupu kama yeye ndiye mgonjwa. Nikatabasamu. Akasema hapana. Nikakaza sura. Akasema hapana, sasa unafanana na polisi. Nikamwekea uso wa msibani, ule wa pole sana bwana, na hapo ndipo alipokasirika.

"Mutoto, huyu mutu iko na haya ya kumutosha," akasema. "Weye usimwongezee yako. Jifanye unamuuzisha stempu. Njo vile."

Basi nikajifunza uso wa muuza stempu. Jina lako? Umetoa saa ngapi? Kiliingia chote au kuna kilichomwagika? Ulijizuia siku ngapi? Asante, kwaheri. Unauliza kwa sauti ileile utakayomuulizia mtu kama barua yake inakwenda ndani ya nchi au nje. Wadogo zangu, siku mkishika kazi yoyote inayomkuta mtu akiwa na aibu, hata ikiwa ni kuuza suruali, kumbukeni stempu.

Sasa ufundi wenyewe. Mbegu hazipendi baridi, hazipendi joto kali, hazipendi kungojeshwa. Ukizitolea nyumbani, uzifikishe ndani ya saa moja zikiwa na joto la mwili. Tia kikombe kwapani au mfuko wa ndani, uje. Maagizo haya yamechapwa kwenye karatasi anayopewa kila mtu. Sijawahi kumwona mwanamume aliyeisoma.

Mmoja alikileta ndani ya chupa ya chai, na chupa yenyewe ilikuwa bado ina harufu ya tangawizi. Alitaka mbegu zisipate baridi. Hazikupata baridi. Ziliiva. Mwingine alikituma kwa posta, kikafika baada ya wikendi, na Papa Kabeya alikitazama kwa muda akasema angalau bwana huyu amelipia ile huduma ya haraka. Na kuna fundi wa vito kutoka mtaa wa Hockley aliyekuja na kijisanduku cha pete, ndani mahameli mekundu, amekata tundu katikati ili kikombe kikae wima. Akakifungua taratibu pale dirishani kama mtu anayechumbia. Papa alikipokea kwa uso wa stempu, akamuuliza maswali yote, akafunga dirisha, kisha akaketi sakafuni akacheka mpaka miwani ikamtoka. Halafu akafuta machozi akaniambia nisisahau: cha fundi yule ndicho kilichobebwa vizuri kuliko vyote mwaka ule.

Kikombe kikifika unakiweka kwenye kabati la joto. Manii yakitoka huwa mazito kama uji wa jana. Unayapa muda yalainike yenyewe, huyaharakishi. Kisha unachanganya polepole, tone moja juu ya kioo chenye uvuguvugu, unaweka chini ya hadubini. Na hapo, wallahi, hata kama ulikuwa unacheka, utanyamaza. Ni kama kutazama Stratford Road, barabara yetu ya maduka, Jumamosi ukiwa juu ya paa. Kila mmoja ana safari.

Vitabu vina majina yake. Papa Kabeya alikuwa na yake. Wanaokwenda mbele moja kwa moja aliwaita wafanyakazi. Wanaozungukazunguka bila kufika popote ni watalii. Wanaotikisika palepale kwa nguvu nyingi ni wanasiasa. Na waliotulia tuli hakuwapa jina. Alisema hao usiwaite kitu mpaka uwe na hakika. Unashika kibonyezo cha kuhesabia kila mkono, unabonya, unabonya, mpaka usiku ukilala unaona vikia. Hesabu yangu ilikuwa ya kujifunza, na hesabu yake ndiyo iliyokwenda kwa daktari, namshukuru Mungu, maana mwanzoni nilikuwa nahesabu hata vumbi.

Tena vumbi si kitu. Siku moja ya Januari niliweka kioo juu ya meza tupu, meza baridi kama mlango wa friji, nikatazama, nikamwendea Papa nikiwa nimeinamisha kichwa. Nikamwambia huyu bwana amekwisha, hakuna hata mmoja anayetikisika. Papa akanisogeza pembeni. Alichukua tone jingine, akakipasha kioo, akaniita. Wafanyakazi, watalii, wanasiasa, wote wako barabarani. Nilikuwa nimemzika mtu kwa sababu ya meza. Kuanzia siku hiyo nilishika vioo kama mayai.

Sasa niwape kisa cha Ami Mbarouk. Jina si lake, lakini kisa ni chake, na ruhusa ametoa mwenyewe. Siku hizi anakisimulia kwenye harusi kabla hata pilau haijafika, na alinilaumu kwamba mimi nakiandika kwa woga.

Ami Mbarouk ni Mzanzibari, ana duka la nguo Stratford Road: mabuibui, madira, mashuka ya maharusi, na udi kwenye vikopo nyuma ya kaunta. Mkewe ni Dada Salma, mwanamke ambaye akicheka dukani mwake, wateja wa duka la nyama mtaa wa pili wanageuka. Walikuwa wameoana miaka mingi bila mtoto. Na mnajua sisi tulivyo. Hakuna aliyeuliza kasoro iko kwa nani. Jibu lilikuwa limekwisha kutolewa, ni Salma. Mama yake Ami kule Unguja alikuwa anapiga simu ya duka kila Ijumaa, na kwa kuwa ni mzee na haamini simu, anapiga kelele ili sauti ivuke bahari. Duka zima lilijua kwamba amekwisha mtafutia mwanawe mke wa pili, binti mwalimu, mwenye nyonga za kuzaa. Dada Salma alikuwa akiendelea kukunja vitambaa.

Siku moja nikasukuma dirisha, nikakuta ni yeye. Ami Mbarouk mwenyewe, kikombe ndani ya kanzu. Tukatazamana. Mtu huyu hajawahi kunisemesha Kiingereza tangu tuhamie hapa kutoka Mombasa. Siku hiyo alinisemesha Kiingereza cha benki, akaniita bwana, na mimi nikamjibu hivyohivyo, nikamuuliza jina lake linaandikwaje. Amenifundisha juzuu ya kwanza, mtu huyu. Akanitajia herufi moja moja.

Nikatazama tone lake. Zilikuwepo, si nyingi, na zote zimetulia. Nikakagua kioo, kilikuwa na joto. Nikabadilisha tone, vilevile. Papa Kabeya akaja na rangi yetu ya kupimia uhai: mbegu hai huikataa rangi, iliyokufa huinywa ikageuka ya waridi. Zote zilikuwa za waridi. Papa akasema kipimo kimoja hakimhukumu mtu, aitwe tena baada ya wiki kadhaa. Akaitwa, akaja, Kiingereza kilekile. Kikombe cha pili, waridi tupu.

Mchana huo nilitoka kununua chipsi. Ami alikuwa amesimama getini, hajaondoka tangu asubuhi. Nikajua anataka jibu, nikaanza kumwambia kwamba majibu anayetoa ni daktari, mimi siruhusiwi hata kukohoa.

"Sikuulizi, Swaleh," akasema, safari hii kwa Kiswahili. "Nakuambia tu, maana sina mtu mwingine wa kumwambia. Jumapili anakuja shemeji yangu Hamad kutoka Leicester. Nimemwita. Nitampa Salma talaka yake kwa heshima, aondoke na ndugu yake akiwa bado ana umri, aolewe na mwenye mbegu."

Nikamuuliza kama Dada Salma anajua.

"Anajua kaka yake anakuja kula."

Nikamwambia angoje barua ya daktari. Akaniuliza barua itamwambia nini asichokijua. Akasema mama yake anamlaumu mwanamke asiye na kosa, na akingoja ataletewa mke wa pili nyumbani, Salma akae anatazama. Afadhali amfungue sasa. Alikuwa anaongea kama mtu aliyekwisha funga mizigo. Nami barua naijua. Ingesema vilevile anavyofikiri. Chipsi zilinipoa mkononi, na mimi si mtu wa kuacha chipsi zipoe.

Nikarudi ndani. Papa Kabeya naye alikuwa anaingia kutoka mkutanoni. Akasimama mlangoni, akainua pua.

"Nani amefanya misa humu?"

Papa ni Mkatoliki. Alisema chumba kinanukia kanisa la Bukavu siku ya Pasaka. Nikamwambia ni mimi. Mamangu hufukiza nguo zangu, ameshindwa kuacha. Na kweli ndivyo nilivyodhani. Mara ya kwanza Ami alipoleta kikombe nilisikia harufu ileile nikajua ni koti langu. Papa akanisogelea, akaninusa bega kama mbwa wa uwanja wa ndege.

"Hapana. Weye unanukia siki."

Tukaanza kuwinda. Tukanusa makoti, tukanusa pipa, Papa akanusa mpaka simu. Watu wazima wawili wenye makoti meupe, tunazunguka chumba tumetanguliza pua. Harufu ikatupeleka mezani, kwenye kikombe cha Ami Mbarouk. Papa akakinusa akasema neno la Kifaransa. Nikakinusa mimi, nikaona harusi ya khalati yangu, dadake mama: mashuka meupe, nywele zilizosukwa, wanawake wanapigana vikumbo.

"Hii si ya kanisa, Papa. Hii ni udi."

Nikamweleza. Kwamba kwetu pwani kuna chetezo, unatia makaa, juu yake kijiti cha udi, na moshi ule hufukizwa nguo, mashuka, nywele. Na vikombe pia. Unakiosha vizuri, unakiinamisha juu ya moshi, mgeni akinywa maji yananukia. Papa Kabeya akavua miwani.

"Kikombe? Munavukiza kikombe?"

"Cha mgeni. Kumpa heshima."

"Na hiki?"

"Papa, hiki kimefanywa mgeni."

Akaketi. Akaanza kunieleza, taratibu, kama alivyokuwa akieleza darasani kwao. Kikombe kinatoka kwetu kikiwa safi na kitupu, hakitaki kitu zaidi. Kama kimeoshwa, kina mabaki ya sabuni. Kama kimefukizwa, moshi una mafuta yake na yamebaki ndani. Kipi kimeua, sabuni au moshi, au hakuna kati ya hivyo na mtu ni mgonjwa kweli, hatujui. Tunachojua ni kwamba mara mbili tulipima kikombe, hatukumpima mtu. Jibu lile lisiende kwa daktari kama jibu.

"Majibu hatutoe," akasema. "Lakini kuuliza mutu chombo alikifanya nini, hiyo njo kazi yetu. Na weye njo unajua luga ya ule moshi. Piga simu."

Nikapiga. Nilikuwa na namba moja tu, ya duka. Akapokea Dada Salma.

Noma. Sikujua kama anajua mumewe amekuja kupima. Siruhusiwi kusema napiga kutoka wapi. Siruhusiwi kusema namtafuta mumewe kwa jambo gani. Akili ikaniruka, nikamwambia mama anataka buibui. Akauliza la urefu gani. Nikasema refu. Akauliza la kupambwa au la kawaida. Nikasema la kupambwa sana, na mpaka sasa mamangu ana buibui lenye shanga kama taa za Diwali ambalo hakuliagiza na halivai. Dada Salma akaacha kuandika oda.

"Swaleh, wewe si unafanya kazi kule kwenye vikombe?"

Nikasema na mtandio wake.

"Kama kuna jambo juu ya kile kikombe, niambie mimi. Nilikitayarisha kwa mkono wangu. Vyote viwili. Nilikiosha, nikakisuuza kwa marashi, nikakifukiza ule udi uliobaki wa harusi yetu. Ulitaka mume wangu apeleke kitu chake kwa watu kikinuka plastiki?"

Papa Kabeya alikuwa ananitazama. Nikamfanyia ishara ya kuosha, nikamfanyia ishara ya moshi. Akajishika kichwa.

Nilichokuwa na ruhusa ya kusema kilikuwa kidogo, nikakisema. Nikamwambia kwamba mtu yeyote akipewa kikombe kipya na hospitali, kikombe hicho kisioshwe, kisisuuzwe, kisifukizwe, kisifunguliwe mpaka wakati wake. Na Ami Mbarouk, kama ana nafasi, apite leo.

Nikasikia kengele ya mlango wa duka, mteja anaingia, na yeye hakumkaribisha.

"Kwa hivyo ni mimi niliyewaua?"

"Sijasema kitu, Dada."

"Wala mimi sijasikia kitu," akasema, akakata.

Jioni Ami alikuja. Nikampa kikombe kipya. Nikamwambia vile viwili vya kwanza havikuwa sawa kwa kipimo, na zaidi ya hapo sijui. Na kweli sikujua. Hapo ndipo palikuwa pagumu: mtu lazima ajizuie siku chache kabla ya kutoa tena, na Hamad alikuwa anakuja Jumapili. Jumapili ingefika kabla ya jibu. Ami angemwacha mkewe, au angemweka, akiwa hajui lolote. Nikamwona anakitazama kile kikombe kitupu kama kimemuuliza swali.

Dada Salma alitualika nasi Jumapili, mimi na mamangu. Hamad alikuja na gari kubwa la mizigo, tupu, akaliegesha mbele ya mlango. Mtu mkubwa, mpole, anayekaa kwenye kiti kwa tahadhari. Salma alikuwa ametuwekea sahani kubwa ya biriani, ana furaha ya kumwona kaka yake, anamchokoza kwamba kitambi kimeanza kumtangulia barabarani. Hamad akala sahani moja, akala ya pili, kila mara anamtazama shemeji yake. Ami hakumeza hata punje tatu. Mwishowe Hamad akanawa mikono.

"Haya, shemeji. Uliniita kwa jambo."

Kijiko changu kikasimama hewani. Ami akamtazama Salma. Salma hakuwa anasikiliza. Alikuwa anachagua viazi vizuri kutoka sahani kubwa anavihamishia upande wa mumewe, kimoja kimoja, kama alivyokuwa akifanya siku zote.

"Nilikuitia biriani," akasema Ami Mbarouk.

"Kutoka Leicester? Biriani?"

"Si umekula sahani mbili?"

Hamad akafikiri, akakubali kwamba amekula. Akaondoka na gari lake tupu na bakuli la mabaki.

Kikombe cha tatu kilifika Jumatano, kwapani, hakijafunguliwa na mkono mwingine. Hakinuki kitu. Nilikipa muda wake kwenye kabati la joto, nikakipasha kioo, nikachanganya polepole, nikatia tone, na nakiri kwamba nilifumba jicho moja lisilohitaji kufumbwa. Nilipofumbua, nikaona mtalii mmoja. Kisha mwanasiasa. Kisha kutoka pembeni, moja kwa moja, bila kuuliza njia, akapita mfanyakazi. Akafuata wa pili. Nikamwita Papa kwa sauti ambayo haifai maabarani. Alikuja, akatazama, akahesabu, akahesabu tena.

"Habako bengi," akasema. "Lakini banatumika."

Hawako wengi, lakini wanafanya kazi. Hilo ndilo lililokwenda kwa daktari.

Siku ya kumwona daktari walikuja wawili. Chumba cha daktari kiko pembeni ya dirisha letu, na viti vya kungojea viko mbele yake. Kama hamjawahi kuona wanaume wakingoja mahali pale, sijui niwaeleze vipi. Kila mmoja anaacha kiti kimoja kati yake na mwenzake. Kila mmoja ana gazeti, na wengine gazeti wamelishika kichwa chini. Siku hiyo walikuwepo wanne, na wa tano alikuwa dirishani kwangu, mkono kwapani, anatafuta ujasiri wa kukitoa.

Mlango wa daktari ukafunguliwa. Ami na Dada Salma wakatoka, wakaketi palepale. Kwa maneno yao nikaelewa walichoambiwa: mbegu zipo, ni chache, njia si fupi lakini ipo, waje pamoja waendelee. Mpaka leo ninapoandika hawajapata mtoto, na anayewauliza habari hiyo aulize mlango kwanza ulipo. Basi hapo likamtoka Ami. Akamwambia mkewe yote: Jumapili, talaka, na kwa nini gari la Hamad lilikuwa tupu. Dirisha lilikuwa wazi. Sikuwa na namna ya kulifunga bila kumbana yule bwana vidole.

Dada Salma alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniacha kwa sababu ya kikombe nilichokiosha mimi."

"Ndiyo."

"Na hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

"Mbarouk, kikombe nilikufukizia wewe. Watoto hata sikuwa nawafikiria."

Ami akainamisha kichwa. Nikadhani sasa yatakuwa machozi, nikatafuta tishu. Lakini Salma alikuwa ametazama ukutani, kuna kitu kinamjia, kinapanda taratibu kutoka miguuni.

"Kwa hivyo Hamad," akasema, "wakati anaomba sahani ya pili, alikuwa anakula biriani ya talaka yangu?"

Akacheka. Kicheko kile cha dukani, ndani ya ukumbi wa hospitali, kikagonga ngazi kikarudi. Ami akajaribu kumnyamazisha, akashindwa, naye akaanza, mabega yanatikisika, kofia ikamwanguka. Akaapa kwamba Ijumaa mama yake akipiga simu atamwambia kasoro ni ya mwanawe, kwa sauti, mbele ya wateja wote, kama anavyopenda yeye. Salma akasema atamshikia simu.

Magazeti yakaanza kushuka. Mzee mmoja wa Jamaica akauliza kwa upole kuna nini. Na Ami Mbarouk, kwa Kiingereza chake cha kweli, si kile cha benki, akamwambia mke wangu alinitilia manukato kwenye kikombe. Mzee akalitafakari. Akasema yeye chake alikifunga ndani ya soksi mbili za sufu, akasahau soksi kwenye basi. Kijana wa pembeni akasema afadhali wewe, mimi nimekuja na mama mkwe, yuko nje kwenye gari, anadhani ni meno. Mtu akahama kiti. Mwingine akahama. Papa Kabeya akatoka kuona fujo ni ya nini, mdomo umeshaandaliwa kuwanyamazisha, akasimama, akaufunga, akaegemea mlango.

Na yule wa tano, aliyekuwa dirishani kwangu, alikuwa amegeuka anawasikiliza, ameanza kutabasamu, mkono bado kwapani. Alikuwa amesahau kunipa kikombe. Kazi inasema nimwite. Nikamwacha amalize kucheka. Pale kwapani joto lilikuwa linatosha.